Kioo cha Inchi Kumi na Saba

Laptopu ilipotolewa kwenye boksi, mke wa Fundi aliizunguka kama anayekagua mzigo wa mtu mwingine, kisha akasema, "Hiyo si kompyuta, bwana. Huo ni mlango uliong'olewa bawaba."

Fundi alicheka tu. Alikuwa ameitamani muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kuhariri video: harusi, mahafali, mikutano ya makampuni, na mara moja moja tangazo la duka. Miaka yote alikuwa akihangaika na kompyuta ndogo ya mitumba, shingo ameikunja kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Bibi harusi mmoja aliwahi kumrudia na hasira kwa sababu kwenye televisheni ya wakwe kope yake ya bandia ilionekana inaning'inia, na Fundi hakuwa ameiona. Sasa alikuwa na kioo cha inchi kumi na saba. Picha ilikaa juu, vipande vya kukata na kuunga vikajipanga chini, na kila uso uliopita ulionekana mpaka jasho la puani.

"Faida zake nimeziona," mkewe akasema. "Hasara je?"

Hasara zilijitaja zenyewe. Haikuingia kwenye mkoba wowote. Ikabidi mkewe, ambaye alikuwa mshona mapazia, amtengenezee mfuko kwa kitambaa kizito kilichobaki. Kila alipoipeleka kwa mteja alirudi bega linamuuma. Chaji yake ilikuwa ya jina tu. Ukiichomoa ukutani, hata salamu hamjamaliza, imeshaanza kuulilia umeme. Feni yake ilivuma kama saluni. Tena meza pale sebuleni ilikuwa moja. Mke alikuwa akiitandazia vitambaa vyake na kukata kwa nafasi, na sasa nusu yake ilikuwa na mwenyewe.

"Umeniletea mke mwenza," alimwambia mumewe, "tena mnene."

Na kilikuwa kioo kisichojua siri. Aliyesimama mlangoni aliona kila kitu, sawa na aliyekaa mbele yake.

Walikuwa wakiishi hivyo, kwa utani na kugombea meza, msiba ulipowafika.

Mke wa Fundi alikuwa na mdogo wake wa kike, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate. Mdogo mtu huyo alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alihoji kila kitu. Kwa nini kisigino hakina kucha? Nani aliyafundisha maji kuchemka? Fundi na mkewe hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo Chiriku alikuwa na nyumba mbili. Nguo zake nyingine zilikaa kwa mama mkubwa, na mswaki pia.

Shule zilipofungwa, siku moja mama yake alikuwa zamu kwenye tanuri. Mama mkubwa akajitolea kumpeleka kwenye bwawa la kuogelea pamoja na watoto wa jirani. Chiriku alitolewa majini akiwa hapumui, na hakupumua tena.

Mama mkubwa alieleza mara moja tu, pale pale, akiwa amelowa mpaka kifuani. "Niligeuka kumfunga mtoto wa jirani kamba za kiatu. Niligeuka tu." Hakuna aliyemuuliza tena. Watu walisema ajali haina kinga, wakasema siku ikifika imefika, wakamshika mikono yeye na mdogo wake kwa pamoja, kwa kuwa huzuni yao ilionekana moja. Mdogo mtu ndiye aliyembembeleza dada yake. "Usijilaumu, dada. Ungefanya nini? Mimi ndiye niliyekwenda kazini."

Miezi ikapita. Alasiri moja, mdogo mtu alikuja peke yake, bado anavaa kofia ya kiwandani, akamkuta shemeji yake mezani. Dada mtu alikuwa ametoka kununua vitambaa. Mdogo mtu alimpa Fundi simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shemeji, humu kuna video. Binti mkubwa wa jirani aliirekodi siku ile, kabla ya... kabla. Nimeiomba kwake, naiangalia kila siku. Chiriku anapita mbele anacheka, lakini kelele nyingi, simsikii. Na sura yake ni ndogo, kama punje. Nisafishie. Nimsikie akicheka. Umsogeze karibu."

"Nitakusafishia, shemeji. Hiyo si kazi ya kuomba."

Alipoondoka, Fundi aliihamishia video kwenye laptopu, akaifungua.

Watoto walijaa kwenye kioo. Walikuwa wanarushiana maji sehemu ya kina kifupi na kuimba. Chiriku alipita mbele ya kamera, meno mawili hayapo, akasema kitu na kucheka, akatoka kwenye picha. Fundi alitabasamu, machozi yakimtoka. Akarudisha nyuma, akaanza kuchuja kelele, akirudiarudia kipande kile kile kama anavyofanya siku zote. Jicho la mhariri halitulii. Likishamaliza kati, huenda pembeni kutafuta kope inayoning'inia.

Kwenye kona ya juu, nyuma ya watoto wote, kulikuwa na ukingo wa sehemu ya kina kirefu. Mtoto mdogo alikuwa akitembea pale. Akateleza. Maji yalifunguka na kujifunga. Mkono ukatoka, ukapotea, ukatoka tena.

Mbele ya mkono ule, hatua chache tu, mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi akilielekea bwawa. Hakuwa amegeuka. Hakukuwa na mtoto karibu yake wala kiatu. Alikuwa ameinamia simu, kidole gumba kinatembea, na alikuwa anatabasamu.

Fundi aliikuza picha, akitumaini ni mtu mwingine. Kadiri alivyoikuza ndivyo mke wake alivyozidi kuwa mke wake: gauni lile, saa ile, namna yake ya kuinua bega moja anapofurahi.

Nyuma yake kitu kizito kilianguka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bunda la kitambaa limemtoka mikononi, likajikunjua sakafuni mpaka kwenye miguu ya meza. Fundi aliinyooshea laptopu mkono ili aifunike, akaona haina maana.

"Nani kakupa hiyo?" mkewe akauliza.

"Mdogo wako."

"Kaiona?"

"Kwenye simu yake haionekani. Ile kona yote imepasuka."

Mkewe alikaa juu ya kitambaa kipya, palepale chini.

"Ulisema kamba za kiatu," Fundi akasema.

"Nilisema."

"Ulikuwa unasoma nini?"

"Sijui." Akafuta uso kwa kiganja. "Unajua kinachoniua? Sikumbuki. Nilitumiwa kichekesho, hata aliyekituma simkumbuki. Nimejaribu. Nimempoteza mtoto kwa kitu ambacho hata sikumbuki." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ikate. Wewe si ndiyo kazi yako? Ikate hiyo kona."

Fundi aliikata. Hakupata shida. Alisogeza picha kwenye uso wa Chiriku, kona ikatoka nje, na aliyeitazama asingejua kama kulikuwa na kona. Akaondoa kelele za maji. Sauti ya mtoto ikabaki safi: "Mbona maji ya huku ni ya baridi kuliko ya kule?" Halafu kicheko.

Mdogo mtu alikuja kuitazama siku ya mapumziko yake. Wote watatu walikaa mbele ya kioo. Uso wa Chiriku ulikijaza chote, mkubwa kuliko ulivyokuwa maishani. Mama yake alitoa sauti kama mtu aliyechomwa, akacheka, akalia, akaomba irudiwe. Akaushika mkono wa dada yake, akaubana.

"Kumbe alikuwa anauliza swali," akasema. "Mpaka siku ile ile alikuwa anauliza."

Kisha akasema, "Shemeji, sasa niwekee ile nzima. Kwenye kioo hiki nitaona kila kitu. Nataka kuona alielekea wapi."

Fundi akasema, "Ile nzima haina kitu. Ni watoto wa watu tu."

"Hata hivyo. Niwekee."

"Chaji..." alianza, na waya ulikuwa ukutani mbele ya macho yao wote.

Mkewe aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mdogo wake. "Mwonyeshe," akasema. Akageuka kumtazama. "Mdogo wangu, kabla hujaona, nisikie. Sikuwa nafunga kiatu. Nilikuwa naangalia simu. Alizama mbele yangu, na mimi nilikuwa naangalia simu."

Mdogo mtu alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Fundi akaiweka video. Hakuna aliyemwonyesha kona, alijionea mwenyewe. Haikuwa ndefu. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Akaiangalia tena. Mara ya tatu alinyanyua kiganja, akakibandika kwenye kioo akimfunika mwanamke wa benchini, mkono wa mtoto ukabaki peke yake ukitoka na kupotea.

"Nimeomba radhi kwa Chiriku kila siku kwa sababu nilikwenda kazini," alisema bila kugeuka. "Na wewe ulikuwa unanisikia. Ulikaa pembeni yangu ukanisikia."

"Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo."

Alichukua mkoba wake, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole kama anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Hakurudi. Alituma ujumbe mmoja kwa Fundi, wenye maneno machache, akitaka video nzima, isiyokatwa. Fundi alimtumia, na mkewe alijua. Jamaa walipata habari, wakagawanyika. Wengine walisema damu ni nzito kuliko maji, wakajiuma ulimi kwa neno hilo. Wengine waliacha kuleta mapazia. Fundi na mkewe walibaki kwenye nyumba ile ile wakiongea mambo ya chumvi na sabuni. Fundi alimsamehe mkewe uzembe upesi, kwa kuwa nani hajawahi kuinamia simu? Kilichomshinda kusamehe ni kamba za kiatu, na zaidi ya hapo, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameikata ile kona kwa wepesi ule.

Kiangazi kilipoanza, mama mzazi wa dada hao wawili alipatwa na kiharusi, akalazwa. Wauguzi walikuwa wachache, na mgonjwa alitakiwa kugeuzwa kila baada ya muda asipate vidonda. Dada mtu alifika asubuhi na beseni na shuka safi, akamkuta mdogo wake ameshafika. Walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Mama yao aliwatazama kwa jicho moja lililobaki na nguvu, mdomo umepinda, hawezi kusema.

Mdogo mtu alikunja mikono ya blauzi yake.

"Shika upande huo," akasema. "Nikihesabu tatu, tumgeuze."

Wakamgeuza. Wakamfuta mgongo, wakatandika shuka, wakaondoka kwa milango tofauti. Kesho yake walifanya hivyo tena, na maneno yakawa yale yale.