Ukurasa Mweusi wa Papa Symphorien

Mimi ni Henriette, mtoto wa kwanza wa Papa Symphorien, na tangu miguu yake ilipokataa kutembea, mimi ndiye ninayemwosha, ninayemgeuza kitandani na kumlisha. Nimechoka. Nasema waziwazi kwa sababu katika familia yetu neno hilo huonekana kama tusi. Wadogo zangu wawili, Stéphane wa Kolwezi na Tania wa Lubumbashi, hutuma salamu kwenye simu, pamoja na vile vijipicha vya mikono inayoomba. Nilitaka kitu kimoja tu: mmoja wao aje akae na papa wiki moja, nami nilale mpaka usingizi wenyewe unichoke.

Tovuti niliianza kwa ajili hiyo, ingawa kwa watu nilisema ni ya kwaya. Papa ametunga nyimbo ambazo parokia kadhaa za hapa Likasi bado zinaziimba, na hakuna anayetaja jina lake. Nilijiambia, watoto wake wakiona kazi ya baba yao imepangwa vizuri, roho itawauma kidogo, watakuja.

Mambo ya kompyuta siyajui sana. Nina mashine kuukuu ambayo betri yake huisha upesi, na kila papa aliposinzia mchana niliketi nayo jikoni. Unachagua ukurasa uliotengenezwa tayari, unabadilisha hiki, unahamisha kile, unabonyeza, kila kitu kinarukia mahali pengine, unaanza upya. Weupe wa kioo uliniumiza macho, nikageuza ukurasa wote kuwa mweusi. Kisha nikaweka picha ya papa ya jubilei ya kwaya, amevaa suti, hana tabasamu, nikaizungushia fremu nyeupe. Chini yake nikaandika jina na mwaka wa kuzaliwa, na kistari. Baada ya kistari nilitaka kuandika "mpaka leo", lakini papa aliita, nikaenda kumgeuza, na niliporudi nilikuwa nimesahau. Mwisho nikapanga wimbo wake mmoja wa polepole uanze wenyewe mtu akifungua. Nikautazama ukurasa, nikaona umependeza. Nikautuma kwenye kikundi cha familia, nikazima simu, nikajinyoosha.

Wewe uliye wa huku kwetu umeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Kesho yake papa alikuwa anakula bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa ziwa Tshangalele nilipomsikia mwanamke analia langoni. Alikuwa shangazi Marcelline, amejitupa kwenye vumbi na kilemba kimemvuka. Nyuma yake alisimama Stéphane, suti nyeusi, macho mekundu, na gari limejaa viti vya plastiki vya kukodi. Hakuwa amekanyaga nyumba hii tangu tulipomzika mama.

Aliingia ndani mbio, akamkuta papa ana tonge mkononi.

"Nani alikufa?" papa akauliza.

Stéphane aliketi sakafuni, akamshika miguu, akalia upya huku akicheka. Mimi pia nililia. Hasira niliyomwekea muda wote huo niliisahau kabisa.

"Yaya, weye ulifanya nini?" aliniuliza baadaye uani; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Photo mu noir, na date, na cantique, sawa vile tangazo ya kifo. Njia yote ya Kolwezi minye nilikuwa nalia."

"Macho ilikuwa inaniuma," nilimjibu. "Lakini ulifika. Ku kazi balikupa siku ngapi?"

"Wiki moja. Congé ya kilio."

Likizo ya msiba, wiki nzima: nilifurahi. Nikaanza kumweleza papo hapo: papa anageuzwa hivi, dawa ya asubuhi iko pale, uji asiupate wa moto sana, mimi nitakuwa chumba cha nyuma, asiniamshe.

Akaangalia viatu vyake.

"Yaya, congé ni ya kilio. Kama kilio hakuna, congé hakuna. Papa iko muzima, tumushukuru Mungu. Kesho asubui minye narudia."

Kwa baba aliyekufa angekaa wiki, kwa baba aliye hai alikaa usiku mmoja. Asubuhi alipakia viti vyake, shangazi akapanda mbele, wakaniagiza nibadilishe ile rangi haraka kabla Tania hajaiona. Tania huchelewa kusoma kikundi.

Nikafungua kompyuta kando ya kitanda cha papa.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nageuza rangi ya fond, papa. Ikuwe blanche, nyeusi itoke."

"Acha kwanza." Alitazama mlango; Stéphane alikuwa amemweleza kila kitu. "Tania bado kufika."

"Na minye, papa?"

"Weye?" Alishangaa kweli. "Weye si iko hapa."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nikafunga kompyuta bila kugusa rangi, nikaenda kufua mashuka yake.

Jioni Tania alipiga simu, analia hata maneno hayatoki, anauliza kama ni kweli. Ningeweza kumpa papa simu, alikuwa palepale, ananiangalia, amenyoosha shingo ili asikie. Nilifikiria chumba cha nyuma na kitanda cha humo ambacho nilikuwa nimeshakitandika.

"Kuya Likasi, Tania," nilimwambia. "Na uombe congé ya murefu."