Nani Kamuua Filimbi?

"…amekufa, jamani! Mwimbaji wetu Filimbi amekufa!" Mtangazaji mpya, binti mdogo, aliingia studio mbio, simu juu.

"Nani kasema?" mhariri aliuliza, uso kaukunja.

"Kurasa tatu za mtandaoni, bosi! Niende hewani?"

Mhariri alimpokonya simu. Kurasa mbili zilinakili ya tatu, na ya tatu ni ya shemeji yake yule binti: "Nimeipata kwa mtu wa redioni."

"Mtu gani?"

"Mimi, bosi," binti alikiri. Asubuhi alimuuliza shemeji, "Filimbi kimya hivi, au kafa?"

"Umemuua mwenyewe, halafu unatuletea msiba! Toka, kazi huna!" mhariri alifoka, akimrudishia simu.

Mlangoni simu ikalia. "Shemeji, mmeshatangaza?"

"Mbea mkubwa wee! Nimefukuzwa! Kesho nakuja, mengine utayasikia mbele ya dada."