Fundi Baridi Bado Anatafutwa

Baba yangu alikufa katikati ya muhula, jambo ambalo kwa taratibu za shule ya bweni ni usumbufu, kwa sababu fomu ya ruhusa ina nafasi ya kuandika ugonjwa na nafasi ya kuandika ada, basi. Matroni aliandika "mengineyo". Nikaenda kuzika mengineyo, nikarudi kufanya mtihani wa jiografia, nikafaulu.

Likizo ilipofika nilirejea nyumbani salama salimini. Nilikula, nilioga, niliitikia salamu. Watu walinitazama kama sufuria ya maziwa jikoni, wakingoja nifurike, nami sikufurika. Hata utani ulinikauka. Shuleni naitwa Kirusi, kwa sababu niliifundisha kompyuta ya mwalimu mkuu kwamba kila akiandika "wanafunzi" itokee "waheshimiwa", na tangazo likabandikwa kabla hajalisoma: waheshimiwa wote wenye chawa wakamwone matroni. Niliposimuliwa habari hiyo siku ya kufunga shule, niliisikiliza kama habari ya mtoto wa jirani.

Baba alikuwa fundi wa mafriji. Watu walimwita Fundi Baridi, na jina lilimkaa vizuri, kwani hata hasira zake zilikuwa za kugandisha: hakupaza sauti, alikutazama tu. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani mafriji yamesimama milango wazi kama wagonjwa wanaomwonyesha daktari koo. Dada yangu amefanya kazi humo tangu amalize shule. Anachomelea mabomba, anajaza gesi, anaisikiliza kompresa kwa bisibisi iliyobanwa sikioni. Shida ni kwamba wateja walikuwa wa baba.

Baba mdogo ndiye sasa mwenye kauli ya mwisho nyumbani. Si mtu mbaya. Ni mtu wa ofisi, anavaa tai hata akienda kununua mkate. Alituambia kwa upole kwamba karakana isiyo na wateja ni stoo, na kwamba kuna fundi mtaa wa pili anayetaka kuvinunua vifaa vyote, pampu, geji za kupimia gesi na mitungi. Akampa dada hadi mwisho wa likizo yangu. Kazi zikianza kuingia, karakana ni yake. Zisipoingia, vifaa vinauzwa, naye ataenda kukaa mapokezi katika ofisi ya rafiki yake, kwenye kiti kinachozunguka.

Dada alisema sawa, baba. Mlango ulipofungwa akaniambia kwamba yeye hawezi kukaa kwenye kiti kinachozunguka, atakufa. Kisha akasikia alichokisema, akaanza kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kwa hiyo nikaitwa mimi, bingwa wa kompyuta nisiyeombwa ushauri na mtu yeyote mwenye akili timamu. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mpakato mapajani. Kabla ya kulipia tangazo mtandaoni unatafiti maneno. Kuna chombo cha kazi hiyo: unaandika neno, kinakuonyesha ni watu wangapi wanalitafuta kila mwezi, watangazaji wanaligombania kiasi gani, na mtu akibofya tangazo lako utakatwa kiasi gani. Nikaandika "fundi friji". Watafutaji wengi, ushindani mkubwa, bei ya makampuni. Nikaandika "matengenezo ya majokofu", maneno yaliyopakwa rangi juu ya mlango wetu. Hakuna binadamu anayeyatafuta. Halafu, kwa uchokozi tu, kama ulimi unavyolirudia jino lililopigwa ganzi, nikaandika "fundi baridi".

Walikuwapo. Mchoro wao ulinyooka kama uzi: mwezi baba aliougua, mwezi tuliomzika, mwezi uliofuata. Mchoro haukuwa na habari. Pembeni chombo kilikuwa kimeandika: ushindani mdogo. Nilikubaliana nacho.

Nikalichukua neno hilo. Yeyote aliyesoma kurasa mbili za mafunzo angelichukua: bei rahisi, na watu wanaojua wanachotaka. Nikaandika tangazo, nikaweka namba ya karakana, na kabla ya chakula cha mchana simu ikaita.

Alikuwa mama mmoja. Alitaka kuongea na Fundi Baridi.

"Ametangulia, mama," dada akasema.

"Ametangulia? Haya, geti liko wazi, akifika aingie tu."

Mimi niliangalia sakafu. Ningekuwa mzima ningecheka hadi nizimie. Dada akaanza upya, safari hii kwa maneno yasiyo na uchochoro. Kisha zikaja pole, za kweli kabisa, na maswali aliugua nini, na kisa cha friji aliyoitengeneza miaka hiyo ikadumu kuliko ndoa ya mtu. Kuhusu friji ya sasa, mama alisema atapiga baadaye. Hakupiga.

Ikawa hivyo kila siku. Walimtaka yeye, wakampata dada, wakatoa pole, wakaaga. Mzee mmoja aliuliza kama baba hakuacha mtoto wa kiume. Dada akamjibu kwamba aliacha binti fundi na mwingine mtundu, achague. Mzee akasema atafikiri. Mimi nilisoma ripoti kila jioni. Wanaobofya walikuwa wengi wa kujivunia, kazi hakuna. Tungekuwa tunauza pole tungetajirika.

Dada hakulalamika. Kila simu ilipoita, alimzika baba tena kwa dakika chache, kisha akanawa mikono kwa ile sabuni ya kutoa grisi, ingawa hakuwa ameshika grisi. Siku moja nikaona ngozi ya vidole imeanza kuchanika. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba kuna kitu kinaitwa maneno ya kuzuia. Unaliandika neno kwenye kiboksi, na anayelitafuta hatakuona tena. Alinitazama kwa yale macho ya kugandisha, sikujua kama na yeye anayo. Akasema hilo si letu peke yetu.

Tukaenda kwa mama. Alikuwa sebuleni anakunja nguo, mashati ya baba yakiwa kwenye rundo lao kama kawaida. Nikamweleza taratibu, kwa lugha ya mhadhara, maana ndiyo lugha pekee iliyokuwa imenibakia. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na huyo anayemtafuta, atamwona nani?"

"Mafundi wengine, mama."

"Friji yake itatengenezwa?"

"Itatengenezwa."

Akalikunja shati alilokuwa nalo, akalipiga pasi kwa kiganja. "Basi andika. Dada yako asiwe anaulizwa baba yake yuko wapi kila akishika simu."

Lakini ukiondoa neno lazima uweke jingine. Nikamwuliza dada watu husema nini hasa wanapopiga. Akafumba macho, akaanza kuwaiga, kila mmoja na sauti yake: friji inavuja maji chini. Friji inaunguruma lakini haigandishi. Friji inagandisha mboga, juu hata barafu haishiki. Friji ya mama mkwe inanuka waya, naye anakuja kesho. Akaongeza kwamba mtu mwenye maji jikoni hatafuti jina la mtu, anatafuta maji yakome. Niliyaandika yote kwenye chombo, kasoro mama mkwe. Watafutaji walikuwapo, kidogo kidogo, na makampuni makubwa hayakuyagombania, maana huko hakuna aliyewahi kupangusa sakafu ya mteja.

Mwisho nikafungua kiboksi cha maneno ya kuzuia. Nikaandika jina la baba kwa herufi ndogo. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, adabu ambayo hospitali haikuwa nayo. Nikabonyeza ndiyo. Nilisubiri kidogo nione kama kuna kitu kitanijia. Hakikuja. Nikaenda kuosha vyombo.

Simu zikakatika kabisa. Kwa siku kadhaa karakana ilikuwa kimya hata ungesikia mafriji mabovu yakifikiri. Likizo ikafika ukingoni, na baba mdogo akaja na tai yake na makasha matupu. Hakusema neno la kuumiza. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kuzifunga geji kwa magazeti kama mtu anayefunga glasi za harusi. Dada alisimama dirishani, mgongo kwetu.

Simu ikaita. Dada akaiacha iite kidogo ndipo akapokea.

Mwanamume alisema maji yamejaa chini ya friji yake na mtoto ameteleza. Dada akauliza yanatoka mbele au nyuma, ndani kuna barafu ukutani au hakuna, ni friji ya milango mingapi. Nilimwona mgongo unanyooka kadiri anavyouliza. Kisha mwanamume akauliza swali lake.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Basi njoo, nimechoka kudeki."

Dada akauchukua mfuko wa vifaa kutoka mikononi mwa baba mdogo, akisema samahani, baba, akatoka. Tukabaki wawili na makasha. Baba mdogo akaniuliza masomo yanaendeleaje. Nikasema jiografia nzuri. Tukaitazama barabara.

Simu ikaita tena. Mimi nilikuwa mbali, yeye alikuwa karibu. Aliitazama kama nyoka, akaipokea, akarekebisha tai ndipo akaongea. Nilisikia sauti ya mwanamke ikieleza mngurumo. Baba mdogo akaitikia, akaitikia, akaniomba kalamu kwa kidole.

"Fundi yuko kazini," akasema. "Akirudi atakupigia yeye mwenyewe."

Alipokata simu alikaa akiangalia kiganja chake, ambako ndiko alikoandika namba. Kisha akatoa simu yake ya mfukoni, akampigia yule fundi wa mtaa wa pili, akamwambia asije. Vifaa vinatumika.

Dada alirudi suruali imeloa hadi magotini, akasema ni mfereji tu wa maji ya barafu, uliziba, ameuzibua kwa waya na maji ya moto. Baba mdogo akamwonyesha kiganja. Dada akaanza kuzitoa geji kwenye magazeti, moja moja, bila haraka.

Nilifikiri huo ungekuwa wakati mzuri wa kulia. Nikafungua kompyuta, nikapandisha dau letu la kuyagombania maneno "friji inaunguruma".