Nani Amemdaka

Siku binti wa kinyozi alipolikosa darasa la tatu, baba yake alikuwa anamnyoa mwalimu mkuu. Ilikuwa asubuhi, wateja bado wachache. Mwalimu mkuu alikuwa amefungwa shuka jeupe shingoni na kichwa chake kimeinamishwa, kwa hiyo habari yenyewe aliitoa kidevu kikiwa kifuani.

"Yule binti yako tumemrusha," alisema. "Katoka la pili, leo kaingia la nne. La tatu lingempotezea muda."

Kinyozi alizima mashine. Alifurahi, kisha akaogopa, kisha akaona haya kwa kuogopa. Akaiwasha tena, akaendelea na kisogo.

Mama wa kinyozi, ambaye kila siku alikaa kwenye benchi la wateja akikunja taulo, aliinua uso. "Mmemrusha?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nani amemdaka?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, nywele zikamwingia mdomoni.

Mchana mtoto alirudi kula, na walikuwa wawili. Aliyetangulia alibeba begi na kitabu kinene cha hesabu. Aliyefuata hakuwa na begi, soksi yake moja imeshuka, na jino la mbele halikuwepo. Sura ilikuwa moja, sare moja, na kovu la gotini lilelile. Nyumba ilikuwa nyuma ya saluni, pazia tu katikati, kwa hiyo kinyozi aliwaona wote wakipita.

"Wewe umetoka wapi?" alimuuliza wa pili.

"La tatu. Sikuitwa jina. Mwalimu kasema nirudi nyumbani."

"Nawa mikono kwanza," alisema bibi, akaongeza sahani.

Bibi ndiye aliyempa jina la Tatu, ili akiita mmoja wasije wawili. Yule mwingine aliendelea kumwita somo, kwa kuwa walikuwa wa jina moja, na kwa sababu hiyohiyo baba yake aliendelea kumwita mama.

"Kumbe una mapacha?" mteja mmoja alimuuliza kinyozi.

"Hapana. Ni mmoja."

Mteja akawatazama kwenye kioo, akaona ni kweli.

Tatu alibaki na miaka minane. Alifagia nywele, akapiga mluzi kupitia pengo la jino, akajizungusha kwenye kiti cha kunyolea mpaka akaona kizunguzungu. Alisema saba mara nane ni hamsini na nne, na aliporekebishwa akasema, "Karibu nipate." Mwenzake hakukosea. Alisoma nyuma ya pazia, na siku alipopata tisini na nane kwa mia alikataa kula.

Zamani mwenzake huyo alikuwa akimuuliza baba yake maswali. Kwa nini nywele hukua lakini hazisikii maumivu? Kioo kikiwa gizani bado kinaonyesha? Kinyozi alijibu "sijui, mama" kwa ukweli, tena na tena, hadi mtoto akagundua kwamba jibu hilo linamuuma baba yake. Hapo akaacha kuuliza. Kinyozi hakujua cha kufanya na huruma ile. Tatu aliuliza mambo ambayo baba yake anayajua: mashine inatiwa mafuta wapi, kwa nini mbwa hanyolewi. Alimjibu kwa raha, huku jicho likienda kwenye pazia.

Mwalimu mkuu alipokuja tena kunyolewa, kinyozi alimwomba. "Mrudishe la tatu. Hata muhula mmoja tu."

"Ndugu yangu, gari zuri huliendeshi kinyumenyume."

"Na huyu je?"

Tatu alikuwa anafagia chini ya kiti. Mwalimu mkuu akainua viatu vyake ili ufagio upite.

"Huyu hana tatizo," alisema. "Huyu ni mtoto wa kawaida."

Jumapili moja, saluni ikiwa imefungwa, kinyozi aliwakalisha wote wawili kwenye kiti kimoja, akawafunga shuka moja. Alitarajia jambo fulani, ingawa hakulisema. Bibi alisimama kando akiwa na taulo.

"Ananibana," alisema Tatu.

"Na yeye ananitekenya," alisema mwenzake, na midomo yake ikaanza kufunguka. Kisha akajitoa kwenye shuka, akaenda kusoma.

Yule aliyerushwa alipokuwa na miaka kumi na miwili aliitwa kwenye shule ya mbali, ya watoto waliochaguliwa. Baba yake alipanga nguo za watu wawili kwenye sanduku. Binti akazitoa zile ndogo, akazikunja vizuri, akaziweka kitandani.

"Kitanda cha huko ni kimoja, baba."

"Atalala miguuni kwako. Hana usumbufu."

"Wataniona mtoto."

Kinyozi alifunga sanduku.

Miaka ikaenda. Binti akawa mtu wa kupiga hesabu za madaraja, na hakuna daraja lake lililoanguka. Alipiga simu kila mwisho wa mwezi. Baba yake alimuuliza kama amekula, naye akajibu kwamba amekula, na hapo kila mmoja akasikiliza pumzi ya mwenzake.

Bibi alipofariki, binti alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vizuri. Alipanga viti na kupokea wageni, akawakumbuka watu kwa majina. Hakulia. Tatu ndiye aliyelia, akajifutia kamasi kwenye nguo za kila aliyemkumbatia.

Watu walipoondoka, binti alikaa kwenye kiti cha kunyolea kwa kukosa pengine pa kukaa. Tatu akamsogelea, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwa wakubwa.

"Shikamoo, dada."

Mwanamke alilitazama pengo la jino lake. "Marahaba," alisema.

"Hujawahi kukizungusha, eh? Inua miguu."

Aliinua miguu. Tatu akasukuma. Kiti kilipozunguka mara ya pili, kitu kilimtoka binti kooni, na kinyozi, aliyekuwa akikunja taulo za mama yake, hakuweza kujua ni kicheko au kilio. Hakuwahi kukisikia kabla.

"Tena," alisema binti.

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

Simu ikalia ndani ya mkoba wake. Kiti kikapunguza mwendo chenyewe, kikasimama kikiwa kimeelekea mlangoni.

Asubuhi, akiwa na begi mkononi, aliuliza, "Anakula vizuri?"

"Anakula, mama."

"Na jino?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Mwalimu mkuu bado ananyolewa palepale. Wiki iliyopita, kidevu kikiwa kifuani, alisema wamemrusha binti wa muuza maziwa, kutoka la kwanza hadi la tatu. Benchini hapakuwa na mtu wa kumuuliza kitu. Kinyozi alimaliza kisogo, akamfuta shingo, kisha akavuka barabara kumwambia muuza maziwa aongeze sahani.

"Ya ukubwa gani?" aliuliza muuza maziwa.

"Ya kawaida."

Yule binti wa muuza maziwa aliyebaki la pili sasa huja saluni kila akishakula. Tatu humpandisha kwenye kiti na kumwambia ainue miguu.