Matanga ya Mtu Aliye Hai

Baba alinipa mpaka Jumatatu. Ama nikubali kwenda chuo cha ualimu, ama nitafute kwingine pa kulala na michezo yangu ya kuigiza. Baba yangu Apolinari, karani wa ofisi ya kata, si mtu wa kurudia neno. Nusu ya mtaa wetu hapa Mbagala humletea barua awasomee, lakini mimi bintiye, ninayeishi naye nyumba moja, hakuwahi kugusa hata ukurasa wangu mmoja. Iliniuma, tena sana.

Jumamosi alipokwenda Buguruni, nikaita kundi letu la maigizo uani kufanya mazoezi. Lilikuwa onyesho la matanga: baba amekufa, binti anaimba yale aliyoshindwa kumwambia. Tukafunga turubai la kuazima, tukatandika mikeka. Zubeda, mwenye sauti ya kukutoa machozi hata akitaja bei ya nyanya, akaanza:

"Baba, ulisoma barua za mtaa mzima,
yangu hukuifungua."

Haukupita muda, jirani yetu Mama Nassibu akaingia, khanga kichwani, akakaa mkekani. Wakafuata wengine. Wanaume wakajipanga kwenye viti. Nilifurahi kama mwehu: watazamaji wangu wa kwanza, tena bila tangazo. Walipoanza kulia nikajisemea, Hope, unajua kuandika wewe. Nikamwashiria Zubeda arudie.

Mtu mwenye akili angeshtuka alipoona mchele unaletwa na kuni zinapasuliwa. Mimi nikaona watu wanapenda sanaa.

Mama Nassibu akanivuta pembeni. "Pole mwanangu. Baba'ako wanamleta saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Turubai, mikeka, vilio, na mwenye nyumba hayupo. Wangefikiri nini kingine? Kabla sijajibu, geti likafunguliwa, baba akaingia na mfuko wa vitunguu. Mama Nassibu alipiga yowe, wengine wakakimbilia jikoni. Nikaeleza yote mbele yao, daftari la mchezo mkononi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka.

Aliweka mfuko chini, akavuta kiti. "Imba," akamwambia Zubeda.

Zubeda aliimba wimbo wote. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyokaa kanisani. Ulipokwisha akaniuliza, "Huyo baba ni mimi?"

Ningeweza kusema ni hadithi tu. Waandishi tumezoea kujificha hapo.

"Ndiyo, baba."

"Lete hilo daftari."

Akasoma ukurasa kwa ukurasa, mchele ukichemka, watu wakimtazama. Sijawahi kuogopa hivyo. Alipomaliza akavua miwani.

"Unamuua mapema mno," akasema. "Hajajibu."

"Angejibu nini, baba?"

Akanirudishia daftari. "Andika kwamba alikuwa anaogopa. Alidhani binti yake atalala njaa, basi, wala hakuwa na kingine moyoni. Andika hivyo, halafu mwache aishi kidogo."

Nikaandika palepale, machozi yakilowesha karatasi. Jumatatu ilipofika hakuniuliza habari za chuo. Aliuliza mazoezi ni saa ngapi, ili awahi kiti cha mbele.