Povu kwa Mkono wa Kushoto

Kaloleni nzima ilijua kwamba Mzee Twahir hanyoi ndevu kwa haraka. Wengine walinyoa kwa sababu ya kazi, au kwa sababu kesho ni Ijumaa, au kwa sababu wake zao wamelalamika. Yeye alinyoa kwa kuwa alipenda. Kila asubuhi baada ya swala, ukungu ukiwa bado umeukumbatia mlima Meru, alitoa kigoda chake uani, akatundika kioo kwenye msumari, na mkewe Salha akamletea birika la maji ya moto.

Alianza na taulo. Alilikamua, akajifunika uso, akatulia mpaka joto limwingie mashavuni. Kisha akachukua brashi iliyokuwa ikilowana kikombeni, akaizungusha juu ya sabuni taratibu, akiongeza maji tone kwa tone. Povu alilijua kwa sauti. Likiwa jepesi hulia chwa chwa. Likishakolea hunyamaza, likawa zito kama mtindi. Mashine yake ilikuwa ya chuma, ya kutia wembe, na haikutaka kusukumwa. Uliiacha iteremke kwa uzito wake yenyewe toka sikioni hadi tayani. Mwisho akajimwagia maji baridi, akajipaka jiwe la shabu, lile linalouma kidogo na kuzuia damu, akawa ameamka kweli.

Mapenzi hayo aliyaanza enzi za uhaba, wembe mmoja ukinolewa ndani ya glasi mpaka umechakaa kabisa, na sabuni ikiwa ni ile ile ya kufulia. Kisha biashara ikaachiwa huru. Maduka ya mjini yakajaa nyembe za nchi ambazo hajawahi kuzisikia, na madereva wa Namanga wakaleta sabuni za bakuli zenye harufu ya ndimu na msandali. Akinunua mpya, alirudi nyumbani akiinusa njia nzima. Rafiki yake Elimringi, Mmeru wa Tengeru aliyefanya naye kazi kiwandani, naye akanogewa. Jumamosi walikaa uani wawili, nyuso nyeupe, wakibishana ni wembe gani unakwaruza na upi unateleza.

"Baba Najim, uso huo utakwisha," Salha alikuwa akimwambia.

"Utakwisha ukiwa laini," naye humjibu.

Miaka michache baadaye kiwanda kikauzwa. Wenye mali wapya wakapunguza watu, na Twahir na Elimringi wakawa miongoni mwao. Elimringi alirudi kwenye migomba yake Tengeru. Twahir hakuwa na shamba. Akawa ananyoa kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, maana akishamaliza hapakuwa na jambo jingine la kumngoja mpaka jioni.

Ugonjwa ulimkuta hapo hapo kwenye kigoda. Mashine ilimponyoka, akadhani ni utelezi wa povu. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Akataka kumwita Salha, ulimi nao ukakataa. Hospitalini waliuita kiharusi. Aliporudishwa nyumbani, upande wake wa kulia haukuwa wake tena: mguu, mkono, hata nusu ya uso. Maneno alikuwa nayo yote kichwani, yamejipanga vizuri, lakini yakifika mdomoni yalitoka "aa" na "ee" tu.

Na ndevu zikaota. Zilimwasha upande mmoja, na upande wa pili hakuzisikia kabisa. Katika yote yaliyomfika, hili ndilo lililomuudhi kila alipofumbua macho.

Elimringi alikuja amebeba ndizi. Alipomwona rafiki yake alitazama ukutani kwanza, kisha akavua koti.

"Shemeji, naomba maji ya moto. Huyu hawezi kukaa hivi."

Taulo lilipomgusa shavu la kushoto, Twahir alilisikia joto kama siku zote, akafumba macho. Joto lile likafika puani na kuishia hapo. Huku kulia hakukuwa na kitu. Elimringi akapiga povu, naye Twahir akalisikia likilia chwa chwa. Alitaka kumwambia asubiri, bado ni jepesi, azidi kuzungusha.

"Aa," alisema.

"Inauma?"

"Aa."

Elimringi akaingiwa na hofu, akaharakisha. Alipomaliza alimshikia kioo. "Umekuwa bwana harusi," akasema, kwa uchangamfu wa kujilazimisha.

Twahir akapitisha mkono wa kushoto kidevuni. Ni laini, hakuna ubishi. Lakini utamu haukuwepo. Ndevu zilikuwa zimeondolewa tu, kama vumbi lililofagiliwa mlangoni. Machozi yakamtoka, na Elimringi akayachukua kuwa ni shukrani, akamshika bega.

Tangu siku hiyo Twahir akawa na kazi. Salha alipotoka kwenda kuuza vitumbua vyake barabarani, yeye alikibana kikombe katikati ya mapaja, akaishika brashi kwa mkono wa kushoto. Mkono huo hakuwahi kuuamini kwa jambo lolote la heshima, na hata sasa aliona haya kuutumia kula. Brashi ilimtoka, kikombe kilipinduka, kanzu ikalowa. Salha akirudi alifikiri ni chai iliyomwagika, akamfuta. Kesho yake Twahir alianza tena.

Ilikuwa kipindi cha baridi, mlima haujaonekana kwa siku nyingi, povu liliponyamaza. Alizungusha tena kuhakikisha. Kimya. Salha akamkuta amekiinua kikombe juu kama anayemkaribisha mgeni.

"Baba Najim, umelipiga mwenyewe?"

"Ee."

Salha akachovya kidole, akalitazama, akacheka kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu hospitali. Aliwapitia majirani akiwaambia kwamba mgonjwa wake anapata nafuu. Twahir alikula akashiba, akalala akipanga mambo ya asubuhi.

Asubuhi hiyo akasubiri mpaka Salha atoke. Alijipaka povu uso mzima, akaichukua mashine. Shavu la kushoto alilinyoa polepole sana, na ule utamu ukarudi wote: joto, uzito wa chuma, mkwaruzo mdogo wa ndevu zinazokatika. Aliona kama maneno nayo yako karibu. Akavuka kwenda upande wa kulia. Huko hakusikia mkwaruzo wala uzito, akawa anafuata kioo tu, mkono ukitembea juu ya shavu lisilomjibu. Povu lilianza kugeuka rangi. Akadhani ni mwanga.

Salha aliporudi, beseni lilimtoka mikononi. Alimkandamiza taya kwa kanga, na kanga ikaloa.

"Hukusikia?"

Alimtazama tu. Jicho lile tulivu lilimtisha Salha kuliko damu.

Damu ilipokatika, alikusanya mashine na nyembe, akavifunga kwenye kitambaa, akavitoa nje ya nyumba. "Sikuadhibu, Baba Najim," alisema aliporudi. "Lakini sitaki kuja kukuta umejichinja."

Mtoto wao Najim alikuwa na saluni ya kiume karibu na stendi. Ijumaa alikuja na mashine yake ya umeme.

"Shikamoo, baba. Hii haikati ngozi. Haitaki maji wala sabuni, mara moja tu tumemaliza."

Twahir akanyoosha kidole kwenye kikombe. Najim, mtoto mwema, akamletea maji ya kunywa. Twahir akausukuma mkono wake, akanyoosha tena kidole, safari hii kwenye brashi.

Salha alielewa. Alikitazama kikombe, akamtazama mumewe, akatikisa kichwa. "Tukianza na povu, utataka wembe," alisema taratibu. "Endelea, Najim."

Mashine ikavuma juu ya uso mkavu. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mwanzoni Twahir aliguna. Baadaye alikuwa akiinua kidevu kabla hajaambiwa.

Elimringi alikuja Jumamosi moja na sabuni mpya mfukoni, ya msandali, ndani ya bakuli la mti. Akamkuta rafiki yake kitandani, amekwisha kunyolewa. Akabaki ameishika.

"Najim amekunyoa vizuri," alisema.

Akamwekea sabuni mkononi. Twahir aliinusa kwa muda mrefu, kisha akamrudishia. Elimringi akaikataa, Twahir akamsukumia tena kifuani.

"Nikae nayo mimi?"

"Ee."

Wakakaa. Elimringi alisimulia habari za mvua na za ng'ombe aliyezaa, mpaka habari zikamwishia. Alipoaga, Twahir aliwasikia wakizungumza mlangoni.

"Unaonaje, shemeji, kuna nafuu?"

"Amekuwa mpole sana siku hizi," Salha akajibu. "Hasumbui tena."

Twahir alisikia viatu vya Elimringi vikivuka ua, mlango wa bati ukafungwa, na Salha akarudi ndani kumgeuza aangalie upande wa pili, ili mgongo usimwume.