Mbuzi wa Suluhu

Nilimkuta jirani yangu Hamidu, mtu mzima na ndevu zake, zizini kwangu Mkonze akimwingilia mbuzi. Nikapiga yowe, mtaa mzima ukajaa. Wazee wakakaa kikao papo hapo, wakanipa pole mimi. Mbuzi hakuna aliyempa pole.

"Mama Naima," akasema Mzee Abubakari, mkubwa wao, "tusifikishane polisi, sisi ni majirani. Hamidu atatoa faini kwa desturi yetu."

Faini yenyewe? Mbuzi! Wakamleta, wakamchinja uani kwangu ili tule pamoja yaishe. Wangu amefungwa kwenye nguzo, anatazama mwenzake anavyochunwa. Yaani kakosa mwanamume, wakaadhibiwa mbuzi wawili.

"Sasa aliyekosewa ameridhika," mzee akatangaza.

"Mmemuuliza?" nikasema, nikimwonyesha mbuzi wangu.

Wakacheka mpaka machozi. Kisha wakaanza kupakua, na wa kwanza kupewa sahani akawa Hamidu, eti huko ndiko kupatana.

Nikamfungua mbuzi wangu, nikamkokota mpaka kituo cha polisi. Askari wa zamu, mwanamke, alinisikiliza bila kucheka, akafungua kitabu cha sheria.

"Hili ni kosa la kifungo cha maisha," akasema. "Ikipungua sana, miaka thelathini. Hao wazee wenu wamempa nini?"

"Ini, afande," nikamjibu. "Na nimemwacha anaomba pilipili."